Jina Kwanza au Shairi Kwanza?

MWALIMU: Mwanafunzi asiyejua tashbihi ni nini hawezi kulizungumzia shairi. Atasema limempendeza au limemchosha, basi. Ukimuuliza kwa nini, hana pa kushika. Ndiyo maana mimi darasani huanza na istilahi: mshororo, ubeti, vina, mizani, ukwapi, utao. Zikishaingia, tunakwenda kwenye tamathali: tashbihi, istiara, tashihisi, chuku, kinaya, takriri, tanakali za sauti. Kila kazi ina maneno yake. Seremala hamwambii mwanagenzi, “Niletee kile kidude.” Humwambia randa, patasi, msumeno.

MALENGA: Na mwanagenzi huyo huijua randa akiwa wapi, Mwalimu? Mbele ya ubao unaochongwa. Wewe unampa majina ya vyombo hajaona hata kipande cha mbao. Mimi nilifunzwa kutunga na mjomba wangu. Mashairi nilikuwa nikiyasikia barazani na harusini miaka mingi kabla sijaambiwa kwamba kipande cha kwanza cha mshororo huitwa ukwapi na cha pili utao. Jina lilipokuja lilikuta sikio limekwisha kukijua kitu chenyewe. Kwa wanafunzi wako jina linatangulia, na kitu hakifiki kamwe.

MTAHINI: Mzee, baraza hilo watoto wengi hawana. Mtoto wa Turkana, wa Kisii au wa Nyeri hana mjomba malenga, na Kiswahili kwake ni lugha ya pili, pengine ya tatu. Lakini karatasi ya tatu ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari Kenya, ile ya fasihi, humfikia yeye kama inavyomfikia mtoto wa Mvita, na ina alama 80. Tukisema sikio ndilo hakimu, tumempa mtoto wa pwani ushindi kabla kalamu haijashikwa. Istilahi hujifunzwa na yeyote, popote, hata chini ya mti. Hiyo ndiyo haki yake.

MWANAFUNZI: Mimi ndiye mtoto huyo mnayemsemea, na nimezijifunza. Nina daftari zima la istilahi, kila moja na maana yake na mfano wake. Katika jaribio moja tuliulizwa tutambue tamathali mbili za usemi katika shairi. Niliona neno limerudiwa, nikaandika “takriri”, nikalinukuu. Nikaona “kama”, nikaandika “tashbihi”, nikanukuu. Nilipewa alama zote. Shairi lilikuwa linasema nini, sikujua, na hakuna swali lililonilazimisha kujua. Haki gani hiyo, ya kupewa alama za shairi ambalo sijalisoma?

MTAHINI: Swali moja halifanyi karatasi. Utaulizwa pia nafsineni ni nani, toni yake ni ipi, ujumbe wake ni upi. Utaambiwa uuandike ubeti wa tatu kwa lugha ya nathari, na hapo huwezi kujificha nyuma ya daftari.

MWANAFUNZI: Kwa toni nina orodha pia: ya huzuni, ya kukejeli, ya matumaini, ya kulalamika. Likiwa na kifo naandika huzuni. Likiwa na viongozi naandika kulalamika. Mara nyingi napata.

MALENGA: Basi tulijaribu moja hapa hapa. Hili nililitunga mwenyewe, halimo katika kitabu chochote, kwa hiyo hakuna mwongozo wa kulichungulia:

Mvuvi toka majini, tanga lako latatuka,
Wingu jeusi angani, na umeme wamulika,
Wana wako ufukweni, wakungoja kwa mashaka,
Geuza chombo jamani, bahari imechafuka.

Haya, mwanangu. Nipe daftari lako.

MWANAFUNZI: Ni tarbia, kwa kuwa ubeti una mishororo minne. Vipande viwili, ukwapi na utao. Mizani nane kwa nane, jumla kumi na sita kila mshororo. Vina vya kati ni “ni”, vya mwisho ni “ka”. Kuna taswira: wingu, umeme, tanga linalotatuka. Kuna nidaa katika “jamani”. Na mshairi ametumia uhuru wake: “latatuka” ni inkisari ya “linatatuka”, “wamulika” ni inkisari ya “unamulika”, “wakungoja” ni inkisari ya “wanakungoja”. Amefupisha ili mizani itoshe.

MALENGA: Sijafupisha kitu! Hivyo ndivyo tusemavyo. Mama akiniita jikoni huniambia chakula chapoa; hahesabu mizani. Umenipa uhuru nisiouomba, ukaniandikia kasoro kisha ukanisamehe.

MWALIMU: Mzee, tiba ya kosa hilo ni istilahi nyingine. “Latatuka” ni kitenzi katika hali isiyodhihirika. Tunaifundisha katika sarufi: asoma, wacheza, yaanguka. Mwanafunzi aliyeikumbuka istilahi hiyo asingekuita mfupishaji. Kwa hiyo amekosea kwa kuwa na maneno machache mno. Ukimnyang’anya hata hayo, atakosea zaidi na hataweza kusahihishwa, maana hatutakuwa na neno la kumsahihishia.

MWANAFUNZI: Hali isiyodhihirika naijua, Mwalimu. Tulifundishwa kipindi cha sarufi, tukaifanyia zoezi la sentensi kumi. Hakuna siku tuliyoambiwa kwamba sentensi za zoezi na mishororo ya shairi ni lugha moja. Karatasi ya pili ina sarufi, ya tatu ina fasihi, na kila moja nimeiwekea daftari lake.

MALENGA: Na bado hujaniuliza swali lililo kubwa kuliko yote. Huyu mvuvi ni nani?

MWANAFUNZI: Ni mtu anayevua samaki.

MALENGA: Mtu niliyemtungia alikuwa jirani yangu, fundi cherehani. Chombo hajawahi kupanda. Alikuwa amezama katika kamari. Cherehani moja ameiuza, ya pili ameiweka rehani. Tanga ndiyo kazi yake iliyokuwa ikichanika. Umeme ni wadai waliokwisha kuanza kumfuata nyumbani. Katika ubeti mzima nimesema jambo moja tu bila kulifunika: wana wako. Hao ni watoto wake hasa, walikuwa wakingoja karo. Nilimsomea mbele ya watu, hakuna aliyemtaja jina, naye akainamisha uso. Hajui istiara ni nini mpaka leo. Nambie, Mwalimu, nani kalisoma shairi langu, yeye au mwenye daftari?

MWALIMU: Yeye. Lakini alilisoma kwa ufunguo ambao wengine hawana: yalikuwa maisha yake. Mwanafunzi wangu hamjui jirani yako wala kamari yake. Shairi likishatoka mtaani kwako likaingia darasani kwangu, watu wa baraza hawalifuati. Linafuatwa na nini? Na neno “jazanda”. Neno hilo humwambia msomaji: huenda huyu mvuvi si mvuvi; tazama kama bahari, tanga na wingu vinakwenda pamoja upande mmoja. Akishauliza hivyo ataona pia ulichokisema sasa hivi, kwamba “wana wako” wamesimama peke yao, hawakufunikwa. Huwezi kugundua kilicho wazi mpaka ujue vingine vimefichwa.

MALENGA: Angeuliza hivyo, ningekuunga mkono. Lakini umemsikia. Jazanda imo daftarini mwake na hakuuliza.

MWALIMU: Mchukue Abdilatif Abdalla. Mwaka 1968 aliandika waraka “Kenya: Twendapi?” Alisema wazi, kwa nathari, akafungwa. Huko jela akaandika mashairi kwenye karatasi za chooni, na mwaka 1973 yakatoka kitabuni, Sauti ya Dhiki. Humo mna shairi liitwalo “Mamba”. Mtoto anayelisoma kama habari ya mnyama wa mtoni amepita nje ya nyumba. Nikimfundisha istiara kwa shairi hilo, ninamfundisha kwamba kuna nyakati ambapo kusema wazi hugharimu miaka ya mtu, na kwamba lugha yetu ina njia ya kupita hapo. Hilo si neno la kukariri tu. Ni maarifa ya jinsi watu wetu walivyoishi.

MALENGA: Umelisema vizuri, na hukusema kwa istilahi, umesema kwa jela, waraka na karatasi za chooni. Hebu niambie, darasani unapata nafasi ya kuyasema hayo yote, au unaandika ubaoni “Istiara: kulinganisha bila viunganishi” na kengele inalia?

MWALIMU: Kipindi ni dakika 40. Kengele inalia.

MTAHINI: Mnaniacha nje ya baraza, na mimi ndiye nitakayesahihisha. Hebu nifikirieni. Wasahihishaji ni wengi, na kila mmoja ana moyo wake. Mmoja akisoma “shairi hili linaumiza kwa utamu” atatoa alama tatu; mwenzake hatatoa hata moja. Mtoto aliyesema kweli kwa maneno yake atategemea ameangukia meza ya nani. Lakini aliyeandika “jazanda: bahari iliyochafuka inawakilisha maisha yenye hatari” atapata alama zilezile meza yoyote. Ndiyo kazi ya istilahi katika mtihani. Inamlinda mtoto dhidi ya hisia za mtu asiyemjua.

MWANAFUNZI: Ingenilinda kama ingekuwa moja. Katika kitabu changu cha marudio, istiara ni kufananisha vitu viwili bila “kama” wala “mithili ya”. Katika kingine cha maktaba, hiyo ndiyo sitiari, na istiara ni hadithi nzima yenye maana ya pili. Jazanda mara ni taswira, mara ni sitiari iliyorefushwa. Kuna chuku na kuna mubalagha, kuna tashihisi na uhuishi, kuna tasfida na tafsida. Binamu yangu anasoma Arusha. Yeye huanza na fani na maudhui, mimi naanza na mbinu za lugha na mbinu za sanaa. Tukikaa kusoma riwaya moja tunatumia jioni nzima kutafsiriana maneno ya walimu wetu, na wote wawili tunazungumza Kiswahili.

MTAHINI: Hatumnyimi mtu alama kwa kuandika mubalagha mahali pa chuku. Visawe vinakubaliwa. Na kazi ya kuziweka istilahi sawa ilikwisha kuanza: Profesa Wamitila alitoa Kamusi ya Fasihi: Istilahi na Nadharia mwaka 2003. Anayetaka kujua mpaka wa sitiari na istiara ana pa kwenda.

MWANAFUNZI: Lakini siyo mimi niliyeshindwa kwenda. Kama mpaka huo una maana, nifundishwe tofauti iliyopo kati ya neno moja linalofananisha na shairi zima linaloficha. Kama hauna maana, msiniulize kana kwamba unayo.

MALENGA: Mwanangu amesema. Sisi watunzi hatukuwa na tatizo hilo. Istilahi zetu zilikuwa chache na zilitoka katika kutenda. Ukikosea mizani mbele ya watu, mwimbaji angekwama, kila mtu angelisikia pengo. Mizani lilikuwa jina la jambo ambalo baraza zima lilikuwa likilijua. Ndiyo maana mashairi ya Muyaka wa Mvita, aliyefariki karibu na mwaka 1840, yalikaa vichwani mwa watu muda wote ule hadi Mwalimu Sikujua alipomsaidia mmishenari Taylor kuyakusanya. Vina na mizani ndivyo vilivyoyabeba.

MWALIMU: Ngoja, Mzee, hapo siwezi kukuachia. Istilahi zenu nazo ziliandikwa kitabuni. Amri Abedi alitoa Sheria za Kutunga Mashairi mwaka 1954, na neno alilolichagua ni “sheria”. Miaka 20 baadaye, mwaka 1974, Kezilahabi akatoa Kichomi, mashairi yasiyofuata vina wala mizani. Malenga hawakuuliza anasema nini. Walishika ukwapi na utao wakampigia navyo. Waliyaita masivina, wakasema si mashairi. Mnanilaumu kwamba daftari la mwanafunzi linamzuia kulisoma shairi. Nanyi, nini kilikuzuieni kumsoma Kezilahabi?

MALENGA: Sikumzuia mtu kusema. Nilikataa kuita wimbo kitu kisichoimbika. Shairi kwetu lilikuwa jina la kitu mahususi, chenye kimo na uzito wake. Ukisema kila andiko lenye mistari mifupi ni shairi, jina limekufa, na anayejua kutunga hana tena alichokijua. Wewe ndiye unayedai maneno yawe na mipaka. Mbona ya kwangu unataka yavunjwe?

MWALIMU: Kwa sababu mpaka wa kueleza na mpaka wa kufukuza ni mambo mawili. Nikisema “hili ni tarbia, lile ni takhmisa”, nimeeleza. Nikisema “hili si shairi”, nimefunga mlango. Na tazama kilichotokea: yalipopata jina, ushairi huru, yaliingia darasani. Leo mwanafunzi huyu husoma tarbia wiki hii na shairi huru wiki ijayo, na mtihani huuliza yote mawili. Istilahi ndiyo iliyomfungulia Kezilahabi mlango ambao malenga walikuwa wameufunga.

MWANAFUNZI: Shairi huru nalo lina orodha yake, Mwalimu: “halina vina, halina mizani, mishororo haitoshelezi”. Yote ni ya kukosa. Nimejifunza kile ambacho Kezilahabi hakufanya. Alichofanya, kwa nini alikata mshororo pale alipoukata, hatujawahi kuulizana.

MALENGA: Hata mimi simpendi mtu huyo, lakini hilo ni dhuluma kwake.

MWALIMU: Basi nitoe mfano ambao mtaniambia kama nao ni dhuluma. Tulikuwa tukifundisha Kidagaa Kimemwozea cha Ken Walibora. Mtawala dhalimu wa humo anaitwa Mtemi Nasaba Bora. Nikauliza darasa: jina hili ni mbinu gani? Wote wakajibu, majazi. Nikawaambia: majazi ni pale jina la mhusika linapolingana na tabia yake; mtu huyu ana ubora gani? Wakanyamaza. Kisha mmoja akasema, basi ni kinaya. Mwingine akakataa: yeye mwenyewe Mtemi anaamini nasaba yake ni bora, kwa hiyo jina linalingana na kiburi chake. Wakabishana mpaka kengele. Walikuwa wakibishana juu ya utawala, juu ya watu wanaojipa sifa wasizo nazo, na walichokishika mikononi kilikuwa istilahi mbili tu. Waondolee hizo mbili, wangebishana kwa nini?

MALENGA: Hapo nimekusikia. Majina mawili yaligongana, na cheche zikatoka katika hadithi. Ningekaa katika darasa hilo.

MTAHINI: Na mimi ningetunga swali hilo vipi? Katika karatasi yangu jibu lazima liwe moja, au mawili yanayokubalika. Anayesema majazi na anayesema kinaya wote wana hoja. Nikikubali vyote, shule moja italalamika. Nikikubali kimoja, nimemwadhibu mtoto aliyefikiri zaidi.

MWANAFUNZI: Kwani lazima uulize ni mbinu gani? Nipe jina la mbinu, wewe mwenyewe. Niandikie: “Jina la Mtemi Nasaba Bora ni kinaya. Jadili.” Au kwa shairi la Mzee: “Mvuvi ni jazanda. Onyesha neno moja katika ubeti ambalo si jazanda, na ueleze kwa nini mshairi aliliacha wazi.” Hapo daftari halinisaidii. Nitarudi kwenye ubeti, nitake nisitake.

MTAHINI: Swali la namna hiyo litawaangusha wengi.

MWANAFUNZI: Sasa hivi tunapita wengi bila kusoma.

MTAHINI: Usiseme kirahisi. Nyuma ya kila karatasi kuna mzazi aliyeuza ng’ombe. Alama za kutambua tamathali ndizo zinazomwokoa mtoto ambaye mwalimu wake alihamishwa katikati ya mwaka, ambaye riwaya teule ni moja kwa wanafunzi watano. Aliyakariri aliyoyaweza. Unataka nimwambie hiyo si elimu?

MWANAFUNZI: Nataka umwambie kwamba anastahili zaidi ya hiyo. Akimaliza shule, hakuna mtu atakayemuuliza tasfida ni nini. Atasomewa hotuba inayoita njaa “uhaba wa chakula katika baadhi ya maeneo”, na hapo ndipo atakapohitaji kuitambua.

MALENGA: Mimi nasema watoto watunge. Beti mbili tu kila muhula. Aliyehangaika kutafuta kina cha “ka” usiku kucha hahitaji kuambiwa kina ni nini, wala hatamwita mwenziwe mfupishaji. Mtihani wenu unauliza juu ya utunzi bila kumtaka mtu atunge.

MWALIMU: Na beti hizo, Mzee, atazisahihisha nani? Nina mikondo mitatu, na kila mkondo umejaa hadi dirishani. Mtahini ataniuliza nimemaliza silabasi au sijamaliza. Hataniuliza wangapi wametunga. Nitafundisha kile kinachopimwa, maana nisipokifundisha, anayeumia ni mwanafunzi.

MTAHINI: Kwa hiyo mzigo mmenitwika mimi. Walimu wanafundisha kwa kunitazama, nami natunga nikitazama kile walimu wanachoweza kufundisha. Nikiliweka swali la “Jadili” mwaka ujao, wewe, Mwalimu, utakuwa wa kwanza kuandika barua kwamba halikuwamo katika silabasi.

MWALIMU: Nitaandika. Na katika barua hiyohiyo nitadai mwongozo wa kusahihisha utoke mapema, ili nijue utampa alama ngapi aliyeandika “jazanda” akaishia hapo, na ngapi aliyeeleza kwa nini watoto wa mvuvi hawakufunikwa bila kulikumbuka jina la mbinu. Siku nitakapoziona alama hizo mbili zimeandikwa, ndipo nitakapojua nianze na nini darasani.